Nilivyoumbuka na Indiana: ratiba laini na futiboli ya vyuo Marekani

Mkuu, umeuliza kwa nini mwaka 2023 Florida State walishinda mechi zote 13, wakabeba na ubingwa wa ligi yao, halafu kamati ya kuteua timu ikawaacha nje ya timu nne za kugombea ubingwa wa taifa na kuwachukua Alabama waliokuwa wamefungwa mara moja. Mdau mmoja hapo juu kakujibu kwa neno moja: fitina. Mimi niko Indiana mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo nje kidogo ya Indianapolis, na huku kama huna la kusema kuhusu futiboli ya vyuo (ile ya Kimarekani ya kubeba mpira mikononi, si soka) utakula chakula cha mchana peke yako. Nitajibu kwa urefu kidogo, maana hili suala la ratiba, yaani timu imecheza na nani, limeniumbua mbele za watu.

Sisi tuliokulia kwenye soka kuna jambo hatulizoei. Ligi Kuu yetu ya Tanzania ina timu 16, kila moja inakutana na mwenzake nyumbani na ugenini, mechi 30, msimu ukiisha msimamo unajisemea wenyewe. Huwezi kumwambia Mnyanga pointi zake ni nyepesi, kwa sababu Simba naye alipita kwa wapinzani wale wale. Huku daraja la juu lina vyuo zaidi ya 130, na kila kimoja kinacheza mechi 12 tu kabla ya mambo ya mchujo kuanza. Hata ndani ya ligi moja hawakutani wote. Ligi ya Big Ten, ambayo timu ya Chuo Kikuu cha Indiana wamo, ina vyuo 18 tangu 2024 na kila kimoja kinacheza mechi tisa za ndani. Unaweza ukawa bingwa na karibu nusu ya wenzako hujawaona uwanjani.

Mechi tatu zinazobaki chuo kinajitafutia chenyewe, na mikataba yake husainiwa miaka mingi kabla. Hapo ndipo vibonde wanaponunuliwa. Chuo kikubwa kinamlipa mdogo aje kwake, achapwe, aondoke na hundi ya kuendeshea michezo yake mwaka mzima. Mara chache mambo hugeuka: Septemba 2007 Michigan, wakiwa nafasi ya tano nchini, waliwalipa Appalachian State dola 400,000 waje Ann Arbor, na wageni wakashinda 34-32. Wiki iliyofuata Michigan hawakuwemo hata kwenye 25 bora. Ila hiyo ni moja katika mamia. Kawaida kibonde hufa kibonde.

Kwa hiyo swali la "umecheza na nani?" si fitina. Ni swali la lazima. Tatizo ni jibu watu wanalolitoa, na hapo nijitolee mfano mimi.

Mwaka 2024 Indiana walileta kocha mpya, Curt Cignetti, kutoka chuo cha James Madison. Msimu uliotangulia Indiana walikuwa wameshinda mechi tatu na kupoteza tisa, na katika historia yote ya futiboli ya vyuo hawa walikuwa miongoni mwa waliofungwa mechi nyingi kuliko karibu kila mtu. Hapa jimboni ni watu wa kikapu. Septemba wakawachapa Western Illinois 77-3. Kazini kuna mzee mmoja wa Bloomington, mji wenye chuo hicho, shabiki wao tangu utoto, akaanza kutamba. Nikamwambia mzee wangu, hao ni vibonde, hata sisi wa zamu ya usiku tungewafunga. Akanyamaza. Wiki baada ya wiki wanashinda, mimi nina jibu lile lile. Wakamfunga Nebraska 56-7, nikasema Nebraska anaishi kwa jina. Wakamfunga Washington, wakamfunga Michigan, hapo ikabidi nifikiri kidogo, kwa sababu hao wawili ndio waliocheza fainali ya taifa msimu uliopita!

Lakini jibu nikalipata, na kusema kweli halikuwa baya. Michigan ya 2024 haikuwa ile ya 2023. Kocha Jim Harbaugh alikwenda kufundisha timu ya kulipwa, kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, akaondoka, wachezaji lukuki wakaondoka. Washington vilevile: kocha kachukuliwa na Alabama, kotabeki kahitimu. Jezi zile zile, watu wengine. Kwa hiyo ratiba iliyoonekana nzito mwezi Agosti, kufika Novemba ilikuwa imepungua kilo. Nikajiona mjuzi. Halafu Indiana wakaenda Columbus wakapigwa 38-15 na Ohio State, na kwenye mchujo wakafungwa na Notre Dame 27-17, na hiyo 17 inawapendelea, kwani mpaka dakika za mwisho kabisa ubao ulisomeka 27-3. Tulikuwa tumewekeana dau la chakula, mzee akaninunulia mbavu za kuchoma. Nikazila kwa raha zangu.

Ila kuna kitu nilikipita haraka, na ndicho kiini cha jibu langu kwako. Michigan ile ile niliyoiita gofu la timu, wiki moja baada ya Indiana kupigwa Columbus, ilikwenda uwanja huo huo ikawafunga Ohio State 13-10. Na Ohio State hao ndio waliotwaa ubingwa wa taifa Januari 2025. Sasa Michigan alikuwa mzito au mwepesi? Mimi nilikuwa nimempima kwa mizani niliyoitaka: Indiana akimfunga, ni gofu, angemfunga Indiana, ningesema unaona, Michigan ni Michigan.

Ratiba laini haikuambii kwamba timu ni mbovu. Inakuambia kwamba timu hujaipima. Mtu aliyeshinda mitihani rahisi kumi anaweza kuwa mjinga na anaweza kuwa kipanga. Sisi mashabiki, na nadhani hata baadhi ya wale watu 13 wa kamati, tunachukua kutojua kwetu tunakugeuza kuwa udhaifu wa timu. Na tukishafanya hivyo pengo tunalijaza kwa jina.

Jina linatoka wapi? Linaanza Agosti. Kura ya waandishi wa habari ya shirika la AP, ambayo ipo tangu 1936, hutoka kabla hata mpira haujapigwa teke. Wanaangalia mwaka jana, wanaangalia majina ya wachezaji waliosajiliwa, wanapanga 25 bora. Sasa tuseme ligi ya SEC imepewa timu nane humo. Wa sita akimfunga wa kumi na mbili, anasifiwa kwa kumfunga mkubwa, na aliyefungwa haanguki sana kwa kuwa kafungwa na mkubwa. Wanapandishana na kusitiriana hivyo mpaka Novemba, na kwa kuwa mechi kati ya ligi kubwa na ligi nyingine ni chache, hakuna wa kuja kuuvunja huo mduara. Simaanishi SEC ni wababaishaji. Kwa miaka mingi wamekuwa bora kweli, mataji yapo. Nasema namna ya kuwapima inajilisha yenyewe.

Mduara ulipovunjwa ilikuwa burudani. Chuo cha UCF cha Orlando mwaka 2017 walimaliza 12-0, yaani ushindi 12 bila kufungwa, kamati ikawaweka nafasi ya 12, chini ya timu zilizofungwa mara mbili na mara tatu, sababu ni ratiba. Wakapewa Auburn wa SEC katika Peach Bowl, mechi ya heshima ya baada ya msimu, wakashinda 34-27. Auburn huyo msimu ule alikuwa amewafunga Alabama na Georgia, na fainali ya taifa wiki moja baadaye ilikuwa baina ya Alabama na Georgia hao hao. Georgia alishalipa kisasi kwenye fainali ya SEC, ni kweli, kwa hiyo huwezi kujenga mnyororo wa "A kamfunga B" ukafika popote. UCF wao walijitangaza mabingwa, wakafanya paredi hadi Disney World. Watu walicheka. Mimi nilikuwa mgeni huku, nikacheka nao bila kujua ninacheka nini.

Sasa turudi kwa Florida State wako. Ratiba ilichangia, ligi yao ya ACC ilionekana nyepesi kuliko SEC ya Alabama, ingawa mechi yao ya kwanza kabisa waliwachapa LSU wa SEC 45-24. Lakini kilichowamaliza zaidi ni kotabeki wao Jordan Travis kuvunjika mguu Novemba. Kamati inaruhusiwa kuangalia majeruhi, ikasema hii si timu ile. Alabama ndiyo kwanza wametoka kumfunga Georgia, aliyekuwa namba moja, 27-24. Kisha Florida State wakapambanishwa na Georgia kwenye Orange Bowl wakala 63-3, na mpaka leo watu wanaitumia hiyo kama ushahidi kwamba kamati ilikuwa sahihi. Mimi siikubali. Wachezaji wao wengi walishakata tamaa au walikuwa wanajiandaa kuondoka, hawakucheza. Huwezi kumpima mtu kwa mechi ambayo yeye mwenyewe hakwenda.

Mtauliza, si kuna kompyuta? Zipo, na zimeboreka. Enzi za BCS, mfumo wa zamani wa kuchagua wagombea ubingwa ulioanza 1998, uzito wa ratiba ulipigiwa hesabu hivi: theluthi mbili ni asilimia ya ushindi ya wapinzani wako, theluthi moja ya wapinzani wa wapinzani wako. Ukiitazama unaona kasoro mara moja: mpinzani mwenye ushindi tisa kwenye ligi ya vibonde anahesabika mzito kuliko mwenye ushindi sita kati ya wababe. Mwaka 2004 wakaitoa kwenye fomula kama kipengele cha peke yake. Siku hizi kuna kipimo kingine nakipenda zaidi, kinauliza: timu nzuri ya kawaida, tuseme ya kwenye 25 bora, ingepewa ratiba hii hii, ingekuwa na nafasi gani ya kupata matokeo haya? Hapo angalau sifa inakwenda kwa ulichokifanya, wala si kwa uliyekutana naye tu.

Hata hivyo uzito wenyewe unabadilika mechi ikiwa imeshachezwa. Ndipo nilipoumbuka. Msimu wa 2025 Indiana walianza na Old Dominion, Kennesaw State na Indiana State. Nikarudi na wimbo wangu wa vibonde, na dau safari hii nikaliongeza: nikasema wakifika fainali ya taifa nitapika pilau la zamu nzima. Wiki mbili baada ya kufungwa na Indiana, Old Dominion wakaenda kwa Virginia Tech wakawachapa 45-26. Kennesaw State wakaja kuwa mabingwa wa ligi yao. Wale vibonde wangu wawili hawakuwa vibonde, ni mimi tu nilikuwa sijawahi kuwasikia. Septemba hiyo hiyo Illinois walikuja Bloomington wakiwa nafasi ya tisa, wakala 63-10. Oktoba Indiana wakawafunga Oregon kwao Eugene, 30-20. Desemba, hapa mjini kwetu, 13-10 dhidi ya Ohio State, ubingwa wao wa kwanza wa Big Ten tangu 1967. Kisha Alabama 38-3, Oregon tena 56-22, na fainali wakawafunga Miami 27-21. Mechi 16, ushindi 16.

Ningekuwa na macho ningeiona mapema, kwa sababu dalili zilikuwa ndani ya mechi za vibonde. Tangu hapo nimeacha kutazama matokeo ya mwisho ya mechi hizo, kwa kuwa robo ya nne ni ya wachezaji wa akiba na inadanganya pande zote. Naangalia robo tatu za mwanzo. Naangalia wale wanene wa mstari wa mbele: wanamsukuma mtu nyuma kila mpira, au wanategemea mkimbiaji mmoja mwenye mbio apenye? Naangalia makosa ya kizembe. Timu inayomfunga kibonde kwa nidhamu ni tofauti na inayomfunga kwa vipaji vitupu, na tofauti hiyo ndiyo huonekana siku ya kukutana na mkubwa.

Wakubwa wenyewe wameshasoma mchezo. Indiana walivunja mipango ya kucheza na Louisville na Virginia, wakajipunguzia mzigo, na hakuna aliyewaadhibu. Texas nao walifungua 2025 ugenini kwa Ohio State, wakafungwa 14-7, wakamaliza 9-3, wakaachwa nje ya mchujo, ambao tangu 2024 una timu 12. Notre Dame walianza kwa kufungwa na Miami kwa pointi tatu na Texas A&M kwa pointi moja, wakashinda kumi mfululizo, wakaachwa pia. Ungekuwa wewe unapanga ratiba ungemwita nani mwezi Septemba? SEC wanakwenda mechi tisa za ndani kuanzia 2026, tuone kama nafasi ya vibonde itapungua au itahamia tu pengine.

Pilau nililipika, wiki ile ya Januari baada ya fainali, sufuria mbili. Mzee wa Bloomington alikula sahani ya kwanza kimya. Ya pili akaniuliza, kwa sauti ya kusikika meza zote, kama kuna mpishi yeyote wa maana ambaye nimewahi kushindana naye.