Ukitaka kusaidia wagonjwa Goma, anza na nauli ya moto (pikipiki)

Kila balaa ikitupata, simu yangu inajaa: dada, tuna katoni ya dawa, tuipeleke wapi? Mimi ni muuguzi, na jibu langu ni lile lile. Nenda kwanza kituo cha afya cha mtaa wako, uulize wanakosa nini. Dawa za kuokoteza zinatuongezea kazi. Tumeshaletewa vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, tarehe imebaki upande wa pili wa pakiti. Hizo hapewi mtu, na kuziteketeza nako kunagharimu.

Chukua kipindupindu. Huku tumejenga juu ya mawe ya volkano, kuchimba choo ni kupasua mwamba. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, lava iliharibu hata mabomba, watu wakazidi kutegemea maji ya ziwa. Anayeharisha maji kama ya mchele anaweza kufa kwa saa chache tu, ila wengi hawahitaji hata seramu ya mshipani: ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, inatosha, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, anywe kidogo kidogo mfululizo.

Tatizo ni hiyo lita. Nyumba nyingi hazina cha kupimia, mama anamimina pakiti nzima kwenye kikombe, chumvi inazidi, na hiyo ni hatari kwa mtoto. Kwa hiyo ukigawa ORS, gawa pamoja na chupa tupu ya lita moja. Pakiti zikiisha: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita ile ile. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Halafu nauli. Wakati wa mlipuko matibabu mara nyingi ni bure, moto si bure, na usiku bei inapanda. Motari (waendesha moto) wengine wanamkataa anayetapika (siwalaumu sana, kiti ndicho ofisi yao). Elewaneni mapema na motari mmoja wa mtaa, mumpe shiti ya plastiki na sabuni, pesa zake zikae kwa mhamasishaji wa afya anayeaminika.

Pesa ikibaki, mfikirieni yule kijana wa klorini pale ziwani, anayepima dawa kwa bomba la sindano na kuitia kwenye kila bidoni ya lita 20, kisha anawaambia watu wasubiri nusu saa kabla ya kunywa. Mnunulieni koti la mvua. Posho yake ikichelewa, saa kumi na mbili asubuhi humkuti, na hiyo ndiyo saa ya foleni.