Mwanangu, kuhusu ile hesabu ya chakula

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku Tanga hatujambo, baba yako anakusalimu sana. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Unasema hapo chuoni mliandikishwa kila mlichokula jana yake, na hesabu yako ikatoka miligramu 9 za madini ya chuma badala ya 18. Ukaniuliza: "Mama, ina maana naumwa? Ninunue vidonge?"

Usinunue kwanza.

Kazi ya kuuliza watu walichokula niliifanya miaka mingi kabla sijastaafu. Namkumbuka bibi mmoja wa Makorora, tumekaa mkekani, namuuliza amekula nini tangu jana asubuhi. "Wali na mchicha, basi." Naandika. Kisha narudi nyuma taratibu, ndivyo tulivyofundishwa. Ulipoamka ulikunywa nini? Chai. Sukari vijiko vingapi? Vitatu. Na kitafunio? Ah, mahamri mawili. Mchicha uliutia nazi? Ndiyo, tui zito. Na ulipokuwa unarudi kutoka sokoni? Akacheka: karanga! Nikamwomba alete bakuli lake lenyewe, atie maji mpaka pale mchicha ulipofikia, kwa sababu bakuli lake si bakuli la jirani. Hakuwa mwongo hata kidogo. Cha kutafuna njiani hakuna anayekihesabu kuwa ni chakula, na nina hakika nawe kuna ulichokisahau.

Tena hiyo ni siku moja tu. Leo maharage, kesho dagaa, Ijumaa pilau ya nyama. Ukiwauliza watu wengi, siku moja inatosha kukadiria wastani wa kundi. Kwa mtu mmoja haitoshi kabisa.

Sasa hiyo 18. Ni kiwango cha Marekani kwa mwanamke wa miaka 19 hadi 50, na kimewekwa juu makusudi ili kiwatosheleze wanawake 97 au 98 katika kila 100 wenye afya, pamoja na wale wanaopoteza damu nyingi hedhini. Mahitaji ya mwanamke wa katikati, yaani nusu ya wanawake huhitaji chini yake na nusu zaidi, ni kama miligramu 8. Kwa hiyo 9 peke yake si ugonjwa. Lakini sitaki kukupoza kwa maneno matamu: hesabu ya hiyo 18 ilipigwa kwa watu wanaokula nyama ya kutosha. Chuma cha mchicha, maharage na dona mwili hukifyonza kidogo. Ndiyo maana mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na ya afya (WHO) hayakutoa namba moja. Mtu ambaye mwili wake unafyonza asilimia 10 tu ya chuma anachokula, akiwa mwanamke wa umri wako, yanampendekezea karibu miligramu 29 kwa siku.

Kwa hiyo kinachonisumbua mimi ni chai yako kuliko hiyo 9. Nakujua. Mbaazi kwa chai ya rangi, wali maharage kwa chai ya rangi, tangu mdogo. Chai hukishika chuma tumboni kisifyonzwe. Kula kwanza, chai uinywe saa moja au mbili baadaye. Palepale kwenye sahani weka chungwa, au kamulia ndimu kwenye maharage, maana vitamini C hukisaidia chuma kupita. Chai ya Amani na machungwa ya Muheza vinatoka wilaya moja, lakini ndani ya tumbo vinavutana.

Kama unachoka ovyo au kichwa kinakuzunguka, nenda ukapime wingi wa damu. Himoglobini, yaani ndicho kinachopimwa hapo, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, hapo ndipo daktari atakuandikia vidonge, naye ndiye atakayekwambia ni vingapi.

Mimi niletee orodha ya ulichokula kwa siku tatu, Jumapili ikiwa mojawapo. Andika palepale unapokula, usingoje usiku, na utaje kijiko au kikombe ulichopimia. Na karanga za njiani uziandike.

Mama yako