Banda la uani kwa wazee: yaliyonikuta Tomondo

Assalaam alaykum. Ndugu yetu wa Fuoni, hapa Unguja, kauliza kama avute vyumba viwili na choo nyuma ya nyumba ya baba yake akae na mkewe, na tofali ngapi zitamtosha. Wengi mmemjibu tofali. Mimi naomba nianze na mwembe.

Nilijenga uani kwa baba, Tomondo, mwaka 2014. Mwembe ulikuwa umesimama pale pale panapotakiwa chumba, tukauangusha. Jioni shangazi kaja, hata kiti hakukitaka. "Mwanangu, mwembe wangu nani kakwambia ukate?" Kumbe babu alimwachia yeye mwembe, uwanja akamwachia baba. Wenzetu wa bara wakisikia haya wanacheka, lakini kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na hata sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 inaukubali mti kuwa na mmiliki wake, mbali na mwenye ardhi. Nikamlipa, nikamuomba radhi, yakaisha.

Yalikwisha kwangu, kwa baba ndiyo kwanza yalianza. Usiku ule akaniita: "Ikiwa mti una mwenyewe, hilo banda lako nikifa litakuwa la nani?" Sikuwa na jibu. Wiki ile ile akawakusanya ndugu zangu wote, wanawake na wanaume, ikaandikwa karatasi: jengo la uani ni mali yangu kwa pesa zangu, uwanja ni wake. Kila mmoja akatia saini, sheha, yaani kiongozi wa mtaa, akashuhudia. Mimi niliona uzito, kama kwamba hatuaminiani.

Baba alifariki 2019. Kwenye mirathi shemeji mmoja akataka banda liingizwe kwenye hesabu pamoja na nyumba kubwa. Karatasi ikatolewa. Banda likabaki kwangu, vikagawiwa nyumba kubwa na kiwanja tu: mama thumni yake, yaani moja ya nane, kilichobaki wanaume mafungu mawili mawili, wanawake moja moja. Fungu langu halikutosha eneo lote banda lilipokaa, ile tofauti nikawalipa dada zangu kidogo kidogo. Bila ile karatasi nisingekuwa na cha kuonesha ila risiti za saruji, na nusu yake zilishaliwa na mchwa. Kwa hiyo ndugu yangu, baba yako yuko hai, muulize sasa. Usingoje msingi usimame.

Kibali cha ujenzi nacho kitafute kabla hujachimba, na anza kwa sheha wako. Hapo sina hadithi.

Tofali sasa. Banda langu ni mita 7 kwa 5, vyumba viwili, ukumbi mdogo na choo. Fundi alinambia 700. Zilikwenda karibu 1,000, maana yeye alihesabu kuta akasahau msingi. Tofali za inchi 6 nilifyatulisha mwenyewe, 30 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, na nilisimama pale pale. Ukigeuza mgongo wanakufyatulia 45, halafu unaliinua tofali linabaki mkononi nusu. Mchanga usikubali wa pwani, hata ukiletewa usiku kwa bei ya kutupa. Kuuchota ni kosa, na chumvi yake inakula nondo na kuitoa plasta mabaka meupe kila masika.

Lakini kilichonitia adabu ni karo, yaani shimo la maji machafu ya choo. Kiwanja chenu kina kisima, umesema. Chetu pia. Fundi alitaka kuchimba karo hatua kumi tu kutoka kisimani, kwa sababu pembe ile udongo ulikuwa laini. Mzee mmoja jirani akamzuia. Sehemu nyingi Unguja chini ni jiwe la matumbawe, lina nyufa na matundu, maji yanapita bila kuchujwa. Unachokimwaga leo utakichota kesho kwenye ndoo. Tukahamia pembe ya pili, juu ya jiwe tupu, vijana wawili wakalipasua kwa mtaimbo siku tisa. Pesa za siku tisa zile zingenitosha mabati yote, na sijutii.

Umeme, weka mita yako mwenyewe ya Tukuza, ile ya kulipia kabla, usichangie na nyumba kubwa. Mwaka wa kwanza tulitumia moja na nyumba kubwa, na kila ukizimika usiku mke wangu na mke wa kaka walikuwa hawaamkiani asubuhi.

Na dirisha la chumba chako lisitazame choo cha mama. Naliandika hili kwa sababu langu lilitazama, likazibwa, na chumba kile mpaka leo kina joto la tanuri.

La mwisho, umesema kati ya nyumba na ukuta wa jirani mna uchochoro wa mita moja tu. Kabla hujachagua pahala pa karo, fikiria litakapojaa. Lori la kunyonya halipiti hapo, linapita bomba lake tu, na lina urefu wake. Kwangu bomba halikufika kwa uchochoroni. Liliingilia mlango wa mbele, likapita ukumbini kwa mama, siku ya Ijumaa, na wageni wa posa ya mdogo wangu wameshakaa kwenye mkeka.