Kabla hujanunua juisi ya kusafisha ini, kapime HBsAg

Msomaji mmoja ameuliza kama juisi ya bitiruti, ndimu na tangawizi, ile inayouzwa kwa chupa na kunywewa siku saba kabla ya kula chochote, kweli inasafisha ini. Hapana. Ini halina uchafu uliotuama unaosubiri kukoshwa. Damu inayotoka matumboni hupita humo, sumu zinavunjwavunjwa, kisha zinatoka kwa njia ya nyongo na mkojo, na kazi hiyo inaendelea hata ukiwa umelala. Bitiruti ni chakula kizuri, ile bila sukari. Lakini pesa ya chupa saba ingefaa zaidi dirishani pa maabara.

Ukifika hapo omba HBsAg. Ni kipimo cha virusi vya homa ya ini B: tone la damu, kidude kama cha kupima malaria, majibu ndani ya dakika ishirini hivi. Usiombe tu "vipimo vya ini" ukadhani umemaliza. Vile vya ALT na AST vinaonyesha kama seli za ini zinaumia siku hiyo, na mtu anaweza kuwa na virusi miaka ishirini huku ALT yake iko sawa kabisa. Ndiyo maana wengi wanagundua wakiwa tayari tumbo limejaa maji.

Wengi waliobaki na virusi hivi hawakuvipata ukubwani. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa karibu asilimia 90 wa kuishi navyo maisha yote. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida mwili wake huvifukuza, na wanaobaki navyo hawafiki hata watano kwa mia. Kwa hiyo acheni kugombana ndani ya nyumba nani kamletea nani. Ukikutwa navyo, mwenza, watoto, ndugu wa tumbo moja na mama mzazi wote wapime. Havipiti kwenye sahani wala kwenye kukumbatiana. Vinapita kwa damu, ngono, na vitu vidogo tunavyovidharau: wembe, mswaki, mashine ya kinyozi, sindano ya kutogea masikio. Nje ya mwili vinaweza kukaa hai siku saba, hivyo wembe uliokauka si wembe salama.

Majibu yakiwa hasi, chanja. Dozi ni tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita kuanzia ile ya kwanza. Mtu mzima hupewa ml 1 kwenye msuli wa bega. Ukiona mtu anataka kukuchoma kwenye tako, mkatalie kwa adabu. Mafuta ya pale yanapunguza nguvu ya chanjo. Kosa linalojirudia ni kuchoma mbili na kuisahau ya tatu. Ukichelewa huanzi upya, unaendelea ulipoishia. Wanaoshika damu kazini, yaani wauguzi, watu wa maabara na wafanya usafi wa hospitali, wapime kinga mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho. Kiwango cha kinga kinachotakiwa ni 10 mIU/mL au zaidi.

Majibu yakiwa chanya, tulia, lakini usipotee. Si kila mtu anaanzishiwa dawa siku hiyohiyo. Virusi vikiendelea kuonekana baada ya miezi sita, hapo ni ugonjwa sugu. Daktari ataangalia wingi wa virusi, picha ya ultrasaundi na namba mbili ambazo hata wewe unaweza kuzifanyia hesabu: AST na chembe sahani, zilizoandikwa PLT kwenye karatasi. Gawanya AST yako kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa chembe sahani. Mfano, AST ni 60, kiwango cha juu 40, chembe sahani 150. Sitini kwa arobaini ni 1.5, mara 100 ni 150, gawanya kwa 150 unapata 1. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unasema kwa mtu mzima ikizidi 0.5 ini limeshaanza kupata makovu ya kutosha kuhitaji dawa, na ikizidi 1 huenda limesinyaa. Hesabu hii haimwondoi daktari, ila inakuzuia kurudishwa nyumbani na "uko sawa" wakati karatasi inasema vingine.

Dawa yenyewe mara nyingi ni tenofovir miligramu 300, kidonge kimoja kwa siku. Kabla ya kuianza pima VVU, maana kwa mwenye VVU tenofovir ikitumika peke yake inazalisha usugu. Pima na figo. Ukishaanza, usiache mwenyewe eti umepata nafuu, au kisa jirani ameona kopo akadhani una VVU. Virusi hurudi kwa kishindo na ini linaweza kufeli ndani ya wiki chache. Na mjamzito mwenye virusi aseme mapema kliniki, kwa sababu dawa miezi ya mwisho ya ujauzito, pamoja na chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 za kuzaliwa, hupunguza sana maambukizi. Baada ya hapo mtoto aendelee na chanjo zake za kliniki, na anyonye kama kawaida.

Sasa twende stoo, maana huko nako kuna adui, na akikutana na homa ya ini B hatari ya saratani ya ini haijumlishwi, inazidishwa. Ni sumukuvu (aflatoxin), sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hii yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ilipiga Dodoma na Manyara. Hao ni waliokula nyingi kwa mkupuo. Wengi wetu tunakula kidogo kidogo kila siku, na hakuna anayehesabu.

Kupika hakuiondoi, ugali unachemka na sumu inabaki. Dawa ni kuzuia kuvu tangu shambani: anika juu ya turubai, si kwenye udongo, toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi, usihifadhi mpaka zikauke. Huna mashine ya kupima unyevu? Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika chache, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Karanga zilizosinyaa au chungu zitupwe, zisisagwe. Kukoboa kunapunguza sumu kwa kuwa nyingi iko kwenye kiini na pumba, lakini ukimpa ng'ombe pumba hizo, inakurudia ndani ya maziwa.

Pombe mnaijua, sitapiga kelele: bia moja ya nusu lita ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi, na mwenye homa ya ini yoyote aiache kabisa. Kitambi na soda vinajaza mafuta kwenye ini hata kwa asiyekunywa. Kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito kunayaondoa sehemu kubwa.

Kinachoniudhi zaidi ni vidonge vya maumivu. Paracetamol ya miligramu 500 ni salama, mwisho vidonge nane kwa saa 24, na pungufu ya hapo kwa mwembamba au mnywaji wa kila siku. Shida ni kwamba imo pia ndani ya dawa za mafua na baadhi ya za mgongo, kwa hiyo mtu anameza za aina tatu na zote ni ileile. Soma maandishi madogo kwenye pakiti. Aliyezidisha sana anaweza kuonekana mzima siku nzima ya kwanza, kichefuchefu tu, wakati seli za ini zinakufa. Dawa ya kuokoa ipo, asetilisistini, na hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa nane. Kwa hiyo usisubiri macho yawe ya manjano: kusanya pakiti zote ulizomeza, andika saa uliyoanza, nenda nazo hospitali.