Mguu wa mama umevimba na unawaka moto, hii mara ya tatu. Ni matende au nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika toka Newala. Mama yangu ana miaka 61, juzi usiku kashikwa na baridi kali mpaka meno yanagongana, kulipokucha mguu wa kulia umevimba kuanzia kwenye kifundo mpaka chini kidogo ya goti, unang'aa na ukiugusa ni wa moto. Nikamnunulia Ampiclox duka la dawa, anameza kimoja asubuhi kimoja jioni, leo siku ya pili sioni nafuu. Hii ni mara ya tatu tangu mwaka jana na ni mguu uleule. Majirani wengine wanasema matende yanaanza, wengine wanasema kakanyaga kitu alichotegewa, na kuna bibi kaleta mafuta ya ganda la korosho anasema tumpake. Mama analala na wajukuu wawili, je hawawezi kuambukizwa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole kwa kuuguza. Nianze na hayo mafuta maana ndo ya haraka, msimpake kabisa. Wewe ni mtu wa Newala, umeshaona mikono ya wanaobangua bila glavu au bila kujipaka majivu, ile ngozi inavyobabuka na kuwa nyeusi, sasa hayo mafuta ukiyaweka kwenye ngozi ambayo tayari imevimba na imekakamaa utaiunguza, itatoka malengelenge, na hapo hata sisi hospitali tutashindwa kujua lipi ni la ugonjwa na lipi ni la mafuta. Bibi mwambieni asante, myaweke pembeni. Na chale pia hapana, wala kumuumika kutoa "damu chafu", kila tundu unaloongeza kwenye huo mguu ni mlango mwingine.

Kwa ulivyoeleza, baridi na homa ya ghafla, halafu ndani ya masaa mguu mmoja unavimba, unakuwa wa moto na unauma, mimi nafikiria selulaitisi, yaani bakteria wameingia chini ya ngozi na wanasambaa kwenye nyama laini ya pale. Wengi wao ni jamii ya streptokoka, na pale penye jipu au usaha mara nyingi ni stafilokoka. Watu wengi hawajui kwamba homa na kutetemeka vinaweza kutangulia kabla mguu haujaonesha kitu, ndo maana mgonjwa anaanza na kipimo cha malaria, kinatoka hana, anarudi nyumbani, kesho yake mguu ndo unajitokeza.

Sasa kuna jambo linatuchanganya sana huku kwetu. Maelezo mengi utakayosoma yanasema angalia mguu mwekundu. Kwa ngozi nyeusi ya maji ya kunde au iliyokolea huo wekundu huwa hauonekani au unaonekana kama zambarau hivi, au weusi unaong'aa kuliko kawaida, kwa hiyo ukisubiri wekundu utasubiri sana. Tumia mkono. Chukua mgongo wa kiganja chako, weka kwenye mguu usioumwa kwanza, kisha peleka kwenye huo mbovu sehemu ileile, utasikia tofauti ya joto. Telezesha taratibu toka kwenye kifundo kwenda juu mpaka pale joto linapokata. Halafu bonyeza kwa kidole gumba sekunde kama tano, angalia kama kinabaki kishimo. Na ngozi yenyewe huwa imekaza, vinyweleo vimekaa mbalimbali kama ganda la chungwa. Vyote hivyo kwenye mguu mmoja, sio miwili. Mtu akija kwangu na miguu yote miwili imevimba na imepiga weusi huku chini, na hana homa, mara nyingi sio selulaitisi, ni mishipa inayorudisha damu imechoka, au moyo, au figo, na huyo ukimpa antibayotiki hata mwezi mzima unamalizia hela yake tu.

Kuna na vingine viwili vitatu vya kuviwaza. Damu kuganda kwenye mshipa wa ndani: mguu mmoja pia, unavimba na kuuma kwenye msuli wa nyuma, homa huwa ndogo au hakuna, na mara nyingi utasikia mtu katoka kukaa muda mrefu, mfano kashuka kwenye basi toka Dar, au kafanyiwa upasuaji, au kajifungua karibuni. Huo unahitaji altrasaundi, na msiuchue. Kung'atwa na nyoka usiku bila kujua nako kupo, kifutu anavimbisha mguu vibaya, ila hapo uvimbe unaanzia palipo na jeraha na unakua ndani ya dakika na masaa.

Tuje kwenye dawa. Ampiclox sio kwamba umekosea familia, ndani yake kuna ampisilini na kloksasilini, tatizo ni unavyompa. Kapsuli moja ya kawaida ina kloksasilini 250 mg, na kloksasilini haikai mwilini, inatoka ndani ya masaa machache, ndo maana inamezwa kila masaa sita. Ukimpa kimoja asubuhi kimoja jioni, katikati hapo bakteria wanapumzika na kujipanga upya. Kwa mtu mzima mwenye selulaitisi ya kawaida, asiye na shida ya figo wala ini na asiyewahi kudhurika na penisilini, tunatumia flukloksasilini au kloksasilini 500 mg mara nne kwa siku, tumbo likiwa tupu, yaani lisaa limoja kabla ya kula au masaa mawili baada ya kula, siku 5 hadi 7, na tunaongeza siku kama mguu bado haujatulia. Sefaleksini nayo inafanya kazi. Aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa kifua baada ya sindano au kidonge cha penisilini asipewe hizo, aseme mapema, kuna eritromaisini, doksisaiklini au klindamaisini, ila hiyo apangiwe na mtaalamu, sio kuchagua kwa bei pale dirishani.

Lakini kwa mama yako nikwambie ukweli, mimi nisingekaa kubadilisha vidonge nyumbani. Miaka 61, katetemeka, mara ya tatu, siku mbili hakuna nafuu, huyo mpeleke leo hospitali ya wilaya hapohapo Newala, apimwe sukari, presha, mapigo ya moyo, na inawezekana akahitaji sindano za mshipa siku mbili tatu kabla ya kurudi kwenye vidonge. Sukari naisisitiza maana kuna watu wanajulia hapo kwamba wana kisukari, mguu ndo umewaleta.

Kabla hamjatoka chukua kalamu ya wino, pale ulipohisi joto linakata chora mstari kuzunguka mguu, andika tarehe na saa pembeni yake, palepale kwenye ngozi. Kwa ngozi nyeusi tumia peni inayoonekana, hata maka ni sawa. Daktari atakushukuru. Na usiogope ukiona siku ya kwanza ya dawa sahihi umevuka mstari kidogo, hilo hutokea, bakteria wakifa mwili unachachamaa. Kinachotakiwa ni kwamba kufikia masaa 48 hadi 72 homa imeshuka, maumivu yamepungua na moto haupandi tena. Uvimbe na weusi vitabaki wiki kadhaa na ngozi itabambuka, hapo watu wengi wanadhani dawa imegoma wanaanza kununua nyingine, sio lazima.

Akiwa kitandani mguu uwe juu kuliko moyo, sio kuweka tu kwenye kigoda, alale chali na mito miwili au gunia lililokunjwa chini ya mguu. Hii watu wanaidharau wakati inapunguza maumivu kuliko unavyofikiri. Kwa maumivu na homa mpe parasetamo. Diklofenaki na ibuprofeni kaa nazo mbali kwanza, zinaweza kuficha dalili za ugonjwa unaokwenda ndani.

Na huo wa kwenda ndani ndo unaoua. Ukiona maumivu makali kupita yale unayoyaona kwa macho, yaani mguu haujaharibika sana ila mama analia, au malengelenge yenye maji meusi, au ngozi imekufa ganzi, au ukibonyeza unasikia kama kuna hewa inachakacha ndani, au anaongea vitu havieleweki, anatapika, anapumua haraka, usisubiri asubuhi wala gari la bure, nenda hospitali kubwa, Ndanda au Ligula, popote penye daktari wa upasuaji, maana hapo dawa peke yake haitoshi, lazima nyama iliyooza itolewe. Walioko pwani, Msimbati, Mikindani, Kilwa, kama mguu umeanza baada ya kuchomwa na samaki au kuingia baharini na kidonda, mwambieni daktari hivyo, hasa kama mtu ana ugonjwa wa ini, kuna bakteria wa maji ya chumvi wanaokwenda kasi sana na dawa zake ni tofauti.

Sasa kwanini mguu uleule mara tatu. Fanya hivi, washa tochi ya simu, mtenganishe mama kidole kidogo cha mguu na jirani yake. Nakaribia kukuhakikishia utakuta ngozi nyeupe, imelowana, imechanika katikati, labda na harufu. Hizo ni fangasi, na ule mpasuko ndo mlango. Kama sio hapo basi ni kisigino kilichopasuka, au funza, au kidonda kidogo cha kisiki cha shamba. Ukitibu mguu ukaacha mlango wazi utaniandikia tena msimu ujao. Klotrimazo ya kupaka mara mbili kwa siku, endelea wiki mbili baada ya kuona pamepona, na sio kuacha siku muwasho unapoisha. Najua maji Newala ni shughuli, lakini hii haihitaji ndoo, beseni dogo na sabuni ya kawaida kila jioni, na kazi kubwa zaidi ni kukausha katikati ya vidole kwa kitambaa kikavu. Na viatu shambani, hata vya plastiki.

Kuhusu matende, majirani hawajakosea kabisa ila wamegeuza. Matende yanatokana na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, inaharibu mirija ya majimaji ya mwili, hakuna cha kukanyaga kitu. Huku Mtwara na Lindi tunayo, ndo maana tumekuwa tukimezeshwa kingatiba. Mguu wenye mirija mibovu unashikwa na selulaitisi kirahisi, na kila selulaitisi inaharibu mirija zaidi, kwa hiyo unakuwa mzunguko. Mama akipoa, kama kifundo hakirudi saizi yake, aonwe kwa hilo pia.

Kwa anayerudiwa kuna dawa ya kinga. Uingereza na Ireland walitoa utafiti 2013, waliowahi kuugua zaidi ya mara moja wakapewa penisilini ya kidonge 250 mg asubuhi na jioni mwaka mzima, waliorudiwa wakawa kama 22 kati ya 100, wakati wasioipata walikuwa 37. Walipoacha dawa faida ikaisha taratibu. Soksi za kubana nazo, Australia 2020, kwa watu wenye miguu inayovimba muda wote, waliorudiwa walikuwa 15 kati ya 100 dhidi ya 40 kwa wasiovaa. Mimi ningeanza na vidole na soksi, kidonge cha mwaka mzima baadaye. Ila soksi zisivaliwe mguu ukiwa bado wa moto, na mwenye kisukari apimwe kwanza kama damu inafika vizuri kwenye unyayo.

Wajukuu walale na bibi yao tu, selulaitisi haihami kwa kulala kitanda kimoja. Kitu cha kutenganisha ni taulo na kandambili, kwa sababu ya hizo fangasi za vidoleni, zenyewe ndo zinahama.