Aliyepotea na chombo wakati wa vita: mnaoanza kumtafuta, anzieni hapa

Wanangu, inaniuma kuwaona mnafika Nyumba ya Nyaraka pale Kilimani, Unguja, na jina moja kwenye kikaratasi, mnaomba "mafaili ya vita", na adhuhuri mnatoka mikono mitupu. Jamaa yenu hakuwa askari. Alikuwa baharia au abiria, aliondoka na chombo hakurudi. Mtu kama huyo humpati kwenye majeshi, mnampata kwenye mirathi, bandarini na katika vinywa vya wazee.

1. Jueni kwanza ni vita gani. Kuuliza "alikuwa Sultani nani?" hakusaidii, maana Sayyid Khalifa bin Harub alitawala Zanzibar tangu 1911 hadi 1960, na vita vyote viwili vya dunia vimo ndani ya miaka hiyo. Ulizeni mchele. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, mchele wa huko ulikatika, kwa hiyo mzee anayekumbuka watu walivyohangaikia mchele anazungumzia vita vya pili, vya Hitla. Muulizeni kila mzee peke yake, na msimtajie nyambizi mpaka aitaje mwenyewe.

2. Mwezi muuchukue kama ulivyotajwa. Bibi akisema "mfungo tano", andikeni mfungo tano, msiandike "mwezi wa tano" kama wengi wenu mnavyofanya. Mifungo huhesabiwa baada ya Ramadhani, kwa hiyo mfungo tano ni Safar, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo miezi inahama. Mwaka 1917 mfungo tano uliingia katikati ya Novemba. Mwaka 1944 uliingia mwisho wa Januari ukachukua karibu Februari yote. Tafuteni mwaka kwanza, ndipo mgeuze mwezi. Mkikosana na kalenda kwa siku moja au mbili, huo ni mwandamo tu. Mkikosana kwa mwezi mzima, rudini kwa bibi.

3. Karatasi ya kadhi. Hapa ndipo mnapoangamia, na nitakaa hapa.

Chombo kikipotea hakuna maiti, hakuna daktari, hakuna kaburi. Mke hawezi kukaa eda wala kuolewa, na mali haigawiwi, mpaka kadhi ahukumu kwamba mtu amekufa. Hukumu hiyo huweza kuja miaka mingi baada ya msiba. Sasa kijana anaipata karatasi, anaona 1949, anaandika "alikufa 1949". Anaitafuta bahari ya 1949, anakuta vita vimekwisha zamani, anarudi nyumbani kuwaambia wazee kwamba walibuni. Wazee wamesema kweli, na wamevunjiwa heshima bure!

Tarehe ya hukumu si tarehe ya kifo. Eda nayo ni hivyo hivyo: miezi minne na siku kumi mkizihesabu kurudi nyuma kutoka siku mjane alipotoka eda, mnafika kwa kadhi, hamfiki baharini. Mnachokitaka kimo katika maneno ya mashahidi. Mara nyingi shahidi ni nahodha mwengine aliyekuwa bandari moja na chombo kile. Nakilini mambo manne: chombo kilionekana wapi mara ya mwisho, mwezi gani, kilielekea wapi, kilipakia nini. Kama hukumu haionekani, ulizieni faili la mirathi Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa jina la marehemu na la kila mrithi.

4. Pimeni kila habari kwa upepo. Majahazi hushuka kutoka Arabuni kwa kaskazi, Disemba hadi Machi, na hurudi kwa kusi. Anayewaambia jahazi liliondoka Malindi ya Unguja Februari kwenda Maskati, muulizeni tena. Lakini jahazi lililokuwa likishuka Februari 1944 lichunguzeni sana, kwa sababu mwezi huo nyambizi ya Kijerumani U-188 ilizamisha majahazi saba upande wa Ghuba ya Aden. Nyambizi haikuwa na haja ya kujua majina ya majahazi, na mengi yamebaki bila jina. Linganisheni siku na mahali.

Tena msing'ang'anie Mjerumani. Tilawa, meli ya abiria iliyotoka Bombay kuja Mombasa, Maputo na Durban, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-29 tarehe 23 Novemba 1942, mfungo pili. Kati ya watu 958 walikufa 280. Kama jamaa yenu alikuwa akitoka Bara Hindi siku zile, anzeni na meli hiyo.

5. Majina: tafuteni Khamis, Hamis na Hamisi, pamoja na jina la baba na la babu. Tafuteni na nahodha, maana chombo hujulikana kwa nahodha wake.

6. Orodha ya Waingereza ya raia waliokufa katika vita vya pili, iliyowekwa Westminster Abbey, London, ina majina zaidi ya 60,000, na wengi wao ni waliouawa na mabomu Uingereza kwenyewe. Jina la babu yenu kukosekana humo halithibitishi lolote. Andikeni "hayumo katika orodha", na tarehe mliyotazama, kisha mwendelee.

Mkimaliza, andikeni kwa daraja: lililoshuhudiwa, lililosikiwa, lililokisiwa. Nakala moja mpeni mkubwa wa ukoo, na msomeeni kwa sauti. Akikatiza kusahihisha, andikeni na hilo pembeni, kwa jina lake.