Jibu: kabla hujamwonyesha mwekezaji mashine yako ya kupukuchua mahindi

Ndugu, umesema uko Eldoret, umeunda mashine ya kupukuchua mahindi isiyovunja punje, na wiki ijayo mwekezaji anakuja kuiona. Unauliza ufanye nini asikuibie. Hayo nimeyapitia, na yaliniuma.

Mimi ni fundi wa vyuma. Kijana niliyefanya naye kazi alikatwa vidole viwili na mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe, nikaamua kuiwekea kinga: kibamba cha bati pale mdomoni. Mkono ukikisukuma, springi inavuta wenzo, mkanda unalegea, kisu kinasimama. Nikaipeleka kwenye maonyesho ya kilimo, watu wakapiga picha. Miezi minne baadaye nikaikuta karakana nyingine, inauzwa.

Nilichoponea ni sheria ya Kenya. Ukiuanika uvumbuzi wako mwenyewe, una miezi 12 ya kupeleka ombi KIPI, ofisi ya serikali inayosajili uvumbuzi, bila kuambiwa si mpya tena. Ulaya usitegemee nafuu hiyo.

Sikuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki uvumbuzi peke yako, ya miaka 20, maana hiyo inadai uonyeshe jambo ambalo fundi mwenye ujuzi asingelifikia kirahisi. Niliomba cheti cha yutiliti modeli, kama mdogo wake hataza. Kinadumu miaka 10, hakiongezwi, na kinataka tu kitu kiwe kipya na kiweze kutumika viwandani. Kwa sisi wa jua kali, mara nyingi mlango ni huo.

Sasa sikiliza hapa. Ulinzi wako wote umo kwenye ukurasa wa madai, yale maneno yanayotaja hasa unachomiliki. Mimi niliyaandika mwenyewe ili niokoe pesa: "kibamba chenye wenzo unaovutwa na springi ya chuma." Yule jamaa wa karakana nyingine akang'oa springi, akafunga ukanda wa mpira wa tairi kuukuu. Kazi ni ile ile. Wakili aliusoma mstari wangu mara mbili, akaweka kidole kwenye neno springi, akanyamaza. Ningeandika "kitu chochote chenye kunyumbuka", tungekuwa na kesi.

Kwa hiyo dai lako la kwanza litaje kila sehemu inaifanyia nini punje. Chuma, mpira au mbao vije katika madai ya chini yake. Kama una pesa ya jambo moja tu, mlipe wakala wa hataza akuandikie ukurasa huo. Kabla ya hapo tafuta kwenye Espacenet, hazina ya hataza iliyo mtandaoni, ni bure, uone kama kuna aliyekutangulia.

Mwekezaji mwandalie mkataba wa kutunza siri, lakini wengi hukataa kuutia saini. Peleka ombi kwanza. Siku akija, funga kifuniko cha mashine kwa bolti: aone mahindi yakiingia na punje zikitoka nzima, zikusanye kwenye beseni azishike. Ya ndani yasubiri.

Na ile picha uliyobandika Jumapili, mashine ikiwa wazi, tayari ni kutangaza. Iondoe, ila tarehe yake iandike mahali. Miezi yako 12 imeanza kuhesabiwa siku hiyo.